Paka Aliyeamkiwa Shikamoo

— Hodi, hodi ya ngano.
— Karibu.
— Naingia na mkia.
— Ingia nao.
— Naingia na kucha.
— Zikunje.
— Na ukweli je, niingie nao?
— Uache nje, ndani hamna nafasi.

Haya, nimeuacha nje. Kaeni vizuri basi. Wewe uliyeegemea gunia, keti wima, maana ngano hii ina mama mkwe ndani yake, na mama mkwe hasikilizwi kwa kuegemea.

Hapo zamani, wanyama walipokuwa wakiamkiana asubuhi, waliishi fisi watatu katika pango moja: baba, mama, na binti yao Chausiku. Baba alikuwa na nguvu za kumbeba ndama kwa meno, na uroho wa kummaliza kabla hajafika naye nyumbani. Alikuwa na maneno yake aliyoyasema kila siku, akijipapasa tumbo:

"Chenye nyama ni chakula. Chenye mfupa ni chakula. Chenye harufu ni chakula kilichochelewa."

Alikula nyama. Alikula ngozi. Siku moja alikula kiti, kwa sababu aliyekikalia alikuwa mbuzi.

Chausiku hakuwa na kaka wala dada. Binti wa Nyani alikuwa na njiwa wake, mtoto wa Ngiri alikuwa na kobe wake, na Chausiku hakuwa na kitu. Alitaka paka. Kwa nini paka, hata yeye hakujua. Alitaka tu kitu kidogo chenye joto cha kukipakata.

Akamwendea baba yake. "Baba, naomba paka."

"Wa kula?"

"Wa kukaa naye."

Baba akamtazama sana. "Unakaa naye mpaka lini? Mpaka anenepe?"

"Hapana, baba. Nakaa naye tu."

"Halafu?"

"Halafu naendelea kukaa naye."

Baba akaukuna mgongo wake ukutani, kru, kru, kru. Hakuelewa. Akamwambia akamuulize mama yake.

Akamwendea mama yake. "Mama, naomba paka."

Mama Chausiku akauweka mwiko chini. Alikuwa na majibu tayari, kama walivyo mama zenu wote. "Paka ana manyoya. Nani atafagia? Paka anaugua. Nani atamkanda? Utamshika juma moja, juma la pili ataniganda mimi miguuni. Wewe hata majani unayolalia huyaaniki. Sitaki paka."

Akaomba mara ya kwanza, wakakataa. Akaomba mara ya pili, wakakataa. Akaomba mara ya tatu, baba akasema, "Mlete, ila mimi nitamla," na hilo likawa jibu baya kuliko yote.

Asubuhi moja Chausiku akatumwa kuokota mifupa nyuma ya zizi lililohamwa. Akaokota, akaokota, mara akasikia sauti kwenye mtungi uliovunjika: nyau. Akachungulia. Ndani alikuwamo mtoto wa paka, hazidi kiazi kikubwa, masikio makubwa kuliko uso. Nduguze waliondoka na mama yao wakamsahau yeye, au yeye ndiye aliyewasahau wao. Kila mara akisimulia alisimulia tofauti.

"Shikamoo," akasema yule paka kwa adabu.

Chausiku akachanganyikiwa, maana hakuwahi kuamkiwa na mtu. "Marahaba," akajibu. Kisha machozi yakamtoka. "Natamani nikubebe twende kwetu, lakini kwetu utaliwa."

"Kwenu kuna nani?"

"Baba na mama."

"Baba yako anakula nini?"

"Kila kitu. Alikula kiti."

"Anamwogopa nani?"

"Hamwogopi mtu. Alikuwa akimwogopa mama yake tu, naye alikufa mwaka jana."

Paka akalamba kiganja chake polepole. "Na jina la marehemu amerithi nani?"

"Hajarithi mtu."

"Basi nibebe kwanza. Mambo mengine tutaongea njiani."

Akambeba. Walipokaribia pango paka akauliza, kama mtu anayepitisha wakati tu, "Huyo bibi yako aliitwa nani vile?"

"Bi Sikudhani."

"Naam," akasema paka.

Chausiku akadhani hakusikia vizuri. Akarudia, "Bi Sikudhani."

"Naam," akasema paka tena, akafumba macho.

Hapa ngoja niwaeleze, maana nyie mnapeana majina siku hizi kama mnagawa peremende. Kwa wale fisi jina la mkubwa aliyekufa halikuzikwa. Lilingoja. Mgeni wa nyumba akitajiwa jina hilo kabla hajavuka mlango, akaitika naam, basi jina limemshika. Akiwa mdogo, akiwa kipofu bado, ameshakuwa mkubwa. Baba wa nyumba atamwita mama. Atamwamkia. Hatamchapa, wala hatatangulia kula kabla yake. Jina la Bi Sikudhani lilikuwa halijapata mtu kwa sababu Mama Chausiku alisema lipumzike kwanza. Alimpikia mwenye jina miaka kumi na miwili na aliona inatosha.

Tena fisi walikuwa na mwiko mmoja mkubwa: hawali jina la nyumbani. Kwa jinsi wanavyokula kwa pupa, mtu angeweza kummaliza shangazi yake na kugundua baadaye. Kwa hiyo kila fisi, kabla hajatia meno, alikiuliza chakula jina lake.

Sasa twendeni pangoni. Ilikuwa saa ya chakula cha mchana. Mama anakoroga chungu kwenye mafiga, koroga koroga. Baba amelala chali. Chausiku akaingia, paka kwapani. Pua ya baba ikaamka kabla ya baba mwenyewe.

"Umeleta nini?"

"Paka, baba."

"Huyu mtoto ana moyo," baba akamwambia mkewe. "Hata chungu hakijaiva, kashatuletea cha kutafunia." Akanyanyuka. Akapanua domo, aaa, mpaka Chausiku akaona kilipokwenda kile kiti. Akasema, "Baba, tafadhali," lakini sauti haikutoka.

Baba akauliza kama desturi ilivyotaka: "Chakula, unaitwa nani?"

"Sikudhani," akasema paka.

Mwiko ukasimama chunguni. Domo la baba likabaki wazi. Hakujua alifunge au alipanue zaidi.

"Nani amekuita hivyo?"

"Muulize aliyenibeba. Njiani alilitaja jina hilo au hakulitaja?"

Wote wakamgeukia Chausiku. Alilitaja, ndiyo. Lakini alilitaja kwa kujibu swali, hakulitaja kwa kumpa. Au alimpa? "Nililitaja," akasema.

"Mimi niliitika au sikuitika?"

"Aliitika," akasema Chausiku. "Mara mbili."

"Tulikuwa ndani au nje?"

"Nje, baba. Kabla ya mlango."

Mama Chausiku akapandwa na hasira. "Upuuzi. Hiki ni kipaka cha jalalani. Mama mkwe wangu nilimjua mimi, na huyu siye."

Paka hakubishana. Akashuka, tapu, tapu, tapu, akatembea mpaka kwenye mafiga. Akanyoosha shingo, akaulamba ule mwiko, lamba, akatulia kidogo kama anayewaza jambo la kusikitisha.

"Mke wa mwanangu," akasema, "chumvi."

Mwiko ukaanguka chini, pwa. Mama Chausiku akaushika ukuta. "Ni yeye," akasema kwa sauti nyembamba.

Kisha paka akamgeukia baba, ambaye tumbo lake lilikuwa linafagia sakafu, akamtazama kwa huruma. "Na wewe, mwanangu, mbona umekonda hivi?"

Tangu azaliwe hakuna aliyewahi kumwambia baba Chausiku kwamba amekonda. "Nimekonda, mama," akasema. "Nakula, lakini sishibi."

"Pole, mwanangu."

"Shikamoo, mama."

Paka akajinyoosha kwanza, miguu ya mbele, miguu ya nyuma, ndipo akaitika. "Marahaba."

Basi Chausiku akafurahi, akadhani amepata paka. Siku hiyohiyo akaanza kugundua kwamba hakupata.

Nyama ilipoiva, ya kwanza ikaenda kwa paka, mkubwa wa nyumba. Baba akangoja. Paka alikula kidogo, lakini alikula taratibu. Alilamba. Alipumzika. Alilamba tena. Katikati ya chakula alilala, kichwa kwenye ukingo wa sahani, na hakuna aliyethubutu kugusa mfupa mpaka mkubwa aamke. Baba alikaa pale, mate yanamdondoka, ti, ti, ti. Nyama ikapoa. Paka akaamka, akanusa, akasema, "Imepoa," ikapashwa moto, baba akangoja upya.

Chausiku akataka kumbeba. Mama akamnyang'anya. "Bibi yako habebwi kama kuni. Una adabu wewe?"

Akataka kumkuna shingoni. "Bibi yako ana chawa? Mwache."

Akamvutia kamba sakafuni, mvute, mvute. "Unamchezea bibi yako na kamba?" Paka aliitazama ile kamba. Ncha ya mkia ilimtikisika, kiuno kikacheza kidogo. Lakini mama mkwe wa heshima hakimbizi kamba mbele ya mke wa mwanawe. Akaugeuza uso, na Chausiku akaona kwamba moyo umemuuma yule paka.

Paka naye alimwita Chausiku mke mwenzangu, maana ndivyo bibi wanavyowatania wajukuu wao wa kike, wakisema wanagombea babu mmoja. "Mke mwenzangu, sogeza kigoda." Chausiku akasogeza. "Mke mwenzangu, upepo." Akapepea. Manyoya akafagia yeye, kwa sababu mama alisema kufagia chini ya bibi ni kazi ya mjukuu.

Akamuuliza mama yake jikoni. "Mama, kwani yule si paka?"

Mama akatazama mlangoni, kisha akanong'ona. "Ni paka."

"Sasa mbona unamwita mama?"

"Mwanangu, chumvi kweli ilizidi," akasema mama, akaendelea kupepeta mtama. Chausiku akaondoka akiwa amechanganyikiwa kuliko alivyoingia.

Akamuuliza paka mwenyewe, walipobaki wawili. "Wewe ni paka wangu au ni bibi yangu?"

"Unataka yupi?"

"Nataka paka. Nilikuleta uwe paka."

"Si tabu," akasema paka. "Mwambie baba yako ukweli, utampata paka leo hiihii. Utakuwa naye mpaka chakula cha mchana."

Chausiku akalia. Mwaliona hilo jambo: akisema, paka analiwa, akinyamaza, paka hana. Ni kitu alichokitaka kuliko vyote, kimekaa pale kwenye kigoda, na hawezi kukigusa.

Juma likapita, na njaa ikamzidi baba nguvu. Akaanza kuwaza, jambo ambalo hakulizoea. Mkubwa haliwi, akawaza. Lakini mkubwa akifa kuna matanga, na kwenye matanga kuna chakula. Akamwendea paka kwa upole mwingi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Mama, hujisikii vibaya?"

"Mzima, alhamdulillah."

"Hata kichwa?"

"Hata kichwa."

"Mama, kwani sasa una umri gani?"

"Miezi mitatu," akasema paka.

"Basi bado sana," akasema baba, akaondoka amenuna.

Akarudi kesho yake. Ameteka maji, ameweka chungu motoni, amekata na kitunguu. Chausiku akaona kitunguu, moyo ukamruka.

"Mama, njoo nikuogeshe. Maji ya moto yanafaa kwa wazee."

Paka akaja, tapu, tapu, akatazama ndani ya chungu. "Mwanangu mwema. Naingia. Ila nikuulize neno moja kabla. Radhi za mama hukaa wapi?"

"Moyoni mwa mama," akasema baba.

"Na mimi ukishanipika na kunimeza, zile radhi zitakuwa zimekwenda wapi?"

Baba akawaza. Zitakuwa tumboni mwangu, akawaza. Lakini zitakuwa zimepikwa. Radhi zilizopikwa bado ni radhi? Na mtoto asiye na radhi za mama, anakula na hashibi. Hapo baba akasimama ghafla, kwa sababu alikumbuka kwamba hata sasa anakula na hashibi. Akaganda, mkono kwenye kifuniko. Kisha akakitoa chungu motoni, akatoka nje, na siku nzima hakula.

Jioni hiyo Chausiku akaamua. Kesho yake mama akienda mtoni, atamchukua paka, atamrudisha kwenye ule mtungi uliovunjika, aende zake, awe hai. Afadhali asiwe naye kuliko asikie akitafunwa. Usiniulize alilala vipi na uamuzi huo.

Kesho yake mama akaenda mtoni. Chausiku akaingia kumchukua paka. Akasimama mlangoni.

Baba alikuwa amelala kifudifudi mbele ya kigoda, domo chini, masikio chini, mwili ule mkubwa wote umetandazwa sakafuni mbele ya kitu kisichozidi kiazi.

"Mama," alikuwa akisema, "siku ile uliponiita nilikuwa kwenye nyati. Wakaniambia mama yako hajiwezi, njoo. Nikasema nimalize kwanza paja. Nikamaliza paja, nikasema nimalize kwanza mbavu. Nikamaliza mbavu, nikasema nimalize kwanza kichwa. Nilipofika nikakuamkia. Nikasema shikamoo, mama. Hukuitika. Nikasema tena. Hukuitika."

Paka alifungua mdomo, akaufunga. Huyu mjanja, huyu wa kila swali na jibu lake, akamtazama Chausiku kule mlangoni kama anayesema, nisaidie. Chausiku naye hakujua. Bibi angesema nini? Paka angesema nini?

Mwisho paka akashuka kigodani. Akapanda juu ya pua ya baba, ile pua iliyonusa kila nyama ya bonde lile, akazunguka mara moja, akajilaza. Ngrrr, ngrrr, ngrrr.

"Shikamoo, mama," akasema baba, chini kwa chini, asije akamwangusha.

"Marahaba, mwanangu."

Baba akalia. Fisi akilia kweli hachekeshi, nyie. Mnaosema fisi anacheka hamjamsikia akilia.

Na Chausiku, asijue kwa nini, neno likamtoka lenyewe. "Baba, huyo ni paka."

Akajiziba mdomo, lakini limeshatoka. Manyoya yakamsimama paka. Baba hakusogea. Macho yake yote mawili yalikuwa yakitazama kile kitu kilicholala puani pake, karibu kabisa na meno.

"Ana harufu ya paka," akasema baba. "Hilo nalijua, mwanangu. Pua ninayo."

"Sasa, baba?"

"Sasa sijui. Ila nikimwamkia, anaitika."

Baba akamtoa paka puani kwa midomo, polepole, kwa meno yaleyale ya kubebea ndama, akamweka mikononi mwa binti yake.

"Mshike kidogo," akasema, "niende nikamtafutie samaki. Na mama yako akirudi usimwambie, atasema huna adabu."

Akatoka. Paka alikuwa mwepesi na wa moto, na moyo wake ulikuwa ukienda mbio, maana na yeye aliogopa sana, mjanja yule. Chausiku akamfunika kwa viganja viwili mpaka moyo ukatulia. Akampakata hivyo mchana kutwa, na hakuuliza tena amempakata nani.

— Hapo nimekata.
— Umekata padogo.
— Kama ni tamu, gawaneni.
— Tumegawana.
— Kama ni chungu, nirudishieni mwenyewe.
— Meza.

Na funzo lake, kwa kuwa bila funzo mama zenu hawatawaruhusu kuja tena: mtoto asilete paka nyumbani wazazi wakikataa, kwa sababu wazazi ndio wanaojua nani ni nani katika nyumba. Vilevile, semeni ukweli daima kama Chausiku, ambaye hakusema uongo hata mara moja, na mmeona fujo aliyoileta. Mimi paka siwapendi. Huyu aliyelala hapa kwenye sketi yangu ni mjomba.